Hitilafu ya Mitambo

Santuri imefika Chake kwa gari la Mkoani,
imefungwa magazeti matatu na gundi ya utepe,
nami sina gramafoni.
Nikaipeleka kwa Mgeni wa duka la simu, Machomanne.
Akacheka: "Bibi, mbona nyimbo zote zimo humu?"
Akanichomeka waya masikioni
kama daktari anayepima moyo kinyumenyume.

Nikakaa juu ya kreti la soda.

Kwanza mvumo wa jenereta.
Kisha kaka yangu Kombo, na vijiti vyake:
moja, mbili, moja mbili tatu —
Kombo ninayemsomea Yasini kila usiku wa Ijumaa
leo ananihesabia masikioni,
hajazeeka hata siku moja.

Walijiita Wimbi Jipya.
Suti za mabega mapana,
Faki fundi wa Tibirinzi alizishona kwa mapazia ya ofisi;
miwani myeusi, usiku,
na kinanda cha umeme alicholeta mjomba kutoka Maskati,
chenye sauti ya paka aliyemeza redio.
Wazee wa tarabu walisimama mlangoni:
"Yakhe, huu muziki au mashine ya kukoboa mpunga?"
Wakakataa kuingia.
Wakakataa na kuondoka.

Ulikuwa msimu wa karafuu wa mwaka thamanini na tano,
pesa imo mifukoni, sukari haimo madukani,
watu wamekuja vidole vinanukia makonyo.
Mie nina miaka kumi na sita na kazi moja tu:
kushika maikrofoni.
Mbarouk wa redio aliifunga kwenye mpini wa ufagio,
akanipandisha juu ya dawati la skuli, katikati ya ukumbi,
akasema: Mkasi, usicheke, usicheze, hata kupumua punguza.
Watu mia tatu wanaruka.
Mie mnara.

Sasa jalada linasema
(nimevaa miwani, nimesoma mara mbili):
*Wimbo wa nne, dakika ya pili, sauti inashuka
kutokana na hitilafu ya mitambo.*

Mitambo!
Mtambo ulikuwa mkono wangu wa kulia.
Ulikufa ganzi tangu wimbo wa tatu,
nikahamishia wa kushoto,
na katika kuhama ufagio ukainama,
ukamwelekea Seif Dadi, mpiga kinanda,
ukakaa hapo.
Sikuurudisha.

Sikilizeni vizuri, vijana wa mjini na vyombo vyenu vya kusafishia:
ngoma inakwenda mbali, gitaa linazama,
kinabaki kinanda, na anayekipiga
anajiimbia chini kwa chini, sauti imekwenda upande,
maneno yasiyokuwamo katika wimbo.
Mmeandika hayasikiki.
Mie nayasikia.
Kwangu hamtayapata.

Mwaka uliofuata Seif alikwenda Dubai kupaka meli rangi.
Zilikuja barua mbili na kitambaa cha gauni.
Gauni nilishona.

Wimbo wa sita, jenereta inakufa.
Kinanda kimya, magitaa kimya,
mtu anamwita mwanawe gizani,
lakini kaseti ya Mbarouk ilikula betri, haikujua kitu,
wala Kombo hakujua, au alijua akakataa:
anapiga, anapiga peke yake,
mpaka kutoka mlangoni yanaanza makofi,
makofi makavu, ya mikono mizee,
mazuri kuliko yote yaliyomo ndani ya santuri hii,
na jalada halikuyataja.

Mgeni ananigusa bega. Wateja wanasubiri vocha.
"Bibi, nikuwekee upi tena?"
Wa nne.
"Huo si ndio mbovu?"
Weka huohuo, mwanangu.

Na hapa juu ya kreti, mbele za watu,
mkono wangu wa kulia
umeanza kuuma.